Mume ataka kuku na bustani, mke ataka supamaketi: Namna ya kuafikiana bila kuzozana

MSHAHARA wa mwisho wa mwezi haumfikishi mfanyakazi wa kawaida pale ulipomfikisha miaka michache iliyopita. Makato ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 yalianza mwaka wa 2023, nayo makato ya bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 yakachukua mahali pa yale ya hazina ya zamani mnamo Oktoba 2024. Kwa anayelipwa Sh40,000, makato hayo mawili ni Sh1,700 kila mwezi, kabla hajagusa kodi ya nyumba, karo, nauli wala unga.

Si ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi mmoja wa wanandoa huamka siku moja na wazo jipya. Tuache kununua kila kitu, husema. Tupande mboga wenyewe, tufuge kuku, tukinge maji ya mvua, tupike maharagwe badala ya kuagiza chakula cha kupelekewa mlangoni.

Tatizo ni kwamba wazo hilo aghalabu huwa la mtu mmoja. Mwenzake husikia jambo tofauti kabisa. Husikia kwamba mambo yameharibika, kwamba majirani watacheka, na kwamba kazi za nyumbani zitaongezeka na zote zitamwangukia yeye. Hapo ndipo shauri jema hugeuka kuwa ugomvi, na gunia la sukumawiki likawa sababu ya watu wawili kulala wamepeana mgongo.

Anayesitasita huitwa mvivu au mpenda anasa. Hukumu hiyo hutolewa upesi mno. Mara nyingi mtu huyo ana sababu zake, na asiyezijua hawezi kumshawishi hata akiongea usiku kucha.

Sababu ya kwanza ni aibu, na mizizi yake ni mirefu. Wakenya wengi wanaoishi mijini leo walilelewa mashambani wakichota maji mtoni, wakisenya kuni na kulala bila chakula mvua zilipokosa. Wazazi wao walijinyima ili watoto wasome, waondokane na maisha hayo. Kwa mtu wa namna hiyo, maji ya mfereji na mkate wa dukani si anasa bali ni ushahidi kwamba alifika. Akiambiwa akinge maji kwa pipa na apande mchicha nyuma ya nyumba, huona kana kwamba anarudishwa alikotoka. Jeraha hilo haliponywi kwa hesabu za pesa. Linahitaji kusikilizwa kwanza, bila kukatizwa, kisha ndipo kalamu na karatasi zitolewe.

Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa wanawake nchini hutumia karibu mara tano ya muda wanaotumia wanaume katika kazi za nyumbani na za malezi zisizo na malipo. Kwa hivyo, mume anapotangaza mezani kwamba kuanzia sasa familia itaoka mkate wake, mke hujiuliza swali moja tu: ni nani atakayeukanda huo unga? Kuku wanahitaji kulishwa alfajiri na kusafishiwa banda. Miche inahitaji maji kila jioni. Maharagwe yanahitaji kuchaguliwa na kulowekwa usiku. Ikiwa pesa zinaokolewa na wawili ilhali jasho linatoka kwa mmoja, huyo mmoja ana haki ya kukataa.

Mambo huwa kinyume pia. Kuna kina mama wengi wanaotaka kufuga na kupanda, lakini waume zao huona ni kudhalilishwa mbele ya marafiki. Mwanamume anayezoea kuonekana akiwanunulia wenzake vinywaji huhofia kuambiwa kwamba nyumbani kwake watu wanahesabu vitunguu.

Sababu ya tatu ni kumbukumbu. Miradi mingi imeingia katika nyumba za Wakenya kwa jina la kujitegemea ikatoka na akiba yote. Watu wengi hawajasahau kware. Kati ya mwaka wa 2013 na 2014, habari zilienea kwamba mayai ya ndege hao yalitibu maradhi chungu nzima na kwamba mfugaji angetajirika kwa miezi michache. Watu walitoa akiba zao, wengine wakakopa, wakafuatilia leseni kutoka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kufikia katikati ya 2014 kila mtu alikuwa akiuza na hakuna aliyekuwa akinunua. Mke aliyeshuhudia akiba ya karo ikiyeyuka namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kushtuka anaposikia neno 'mradi'.

Yafaa isisitizwe kwamba kubana matumizi si sawa na biashara. Anayekopa Sh80,000 kununua kuku 300 wa mayai hajabana chochote; ameingia sokoni, tena kwa deni. Kuku watano wa kienyeji wanaookota makombo ya jikoni na majani ya bustani ni jambo jingine. Wawili hao wakichanganywa katika mazungumzo, anayesitasita atakuwa na hoja nzito kuliko anayeshawishi.

Mazungumzo yaanze vipi basi? Wakati una uzito wake. Mwisho wa mwezi, mwenye nyumba anapobisha mlangoni, si wakati wa kuzungumzia bajeti. Wala si mbele ya watoto, mashemeji au mama mkwe. Jumapili alasiri, tumbo likiwa limeshiba, hufaa zaidi.

Badala ya kuanza na lawama, ni bora wote wawili wakubaliane kuandika kila shilingi wanayotumia kwa siku 30. Simu hurahisisha kazi hii, kwa kuwa malipo mengi hupitia M-Pesa na taarifa zake zipo. Sharti ni kwamba vitabu viwe viwili na vyote vifunguliwe. Hakuna kinachoua hoja ya kubana matumizi haraka kama mhubiri wake kuonekana Jumamosi kwenye kibanda cha nyama choma. Anayetaka mwenzake aache kitu aanze kwa kukata cha kwake, tena bila kupiga kelele kuhusu hilo.

Daftari hilo husema mambo ambayo mdomo hauwezi kuyasema bila kuudhi. Familia inayonunua mboga za Sh50 kila jioni haioni kwamba inatumia jambo kubwa. Ikijumlisha, hupata Sh1,500 kwa mwezi na Sh18,000 kwa mwaka. Mara nyingi aliyekuwa akikataa ndiye huwa wa kwanza kuuliza kama kweli ni nyingi hivyo.

Swali linalofuata ndilo wengi hulisahau: pesa zitakazookolewa zitakwenda wapi? Zikimezwa na matumizi ya kawaida hakuna atakayeziona, na baada ya miezi miwili shughuli yote itaonekana kuwa adhabu. Zinafaa kutengwa, katika chama cha ushirika au akaunti ambayo wote wanaweza kuiona, kwa jambo analolitamani yule anayesitasita. Huenda ni nauli ya kwenda kuwaona wazazi Desemba, huenda ni kitanda kipya au karo ya muhula wa kwanza. Aidha kila mmoja aachiwe starehe moja isiyoguswa. Mke anayependa kusukwa nywele kila baada ya wiki tatu aachwe asukwe. Nyumba isiyo na raha hata moja haitavumilia kubana kwa mwaka mzima.

Kazi nayo igawanywe kabla ya mbegu kununuliwa. Aliyeleta wazo ndiye achukue sehemu iliyo nzito na chafu zaidi: kubeba mbolea, kusafisha banda, kumwagilia maji asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kazi hiyo ikifanywa kwa wiki sita mfululizo bila kukumbushwa, itamshawishi mwenzake kuliko maneno.

Ni muhimu pia kuanza na kitu kidogo kinachoweza kuachwa bila hasara. Gunia moja latosha. Kilimo cha magunia kilienea Kibera baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mashirika ya misaada yalipowafundisha wakazi waliokuwa wamekosa chakula. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati pakawekwa nguzo ya mawe madogo ili maji yafike hadi chini. Miche hupandwa juu na katika matundu yaliyotobolewa kandokando. Sukumawiki ikitunzwa vyema huanza kuchumwa baada ya takriban miezi miwili, na huendelea kutoa majani kwa muda mrefu. Udongo uliochotwa karibu na gereji au jaa la taka usitumiwe, wala maji ya mitaro ya majitaka, maana akiba hiyo itaishia hospitalini.

Jikoni pana akiba isiyohitaji hata udongo. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko yale makavu. Yakichemshwa kwa nusu saa hivi, sufuria ikafunikwa na kutiwa ndani ya kapu lililotandikwa blanketi kuukuu pande zote, huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe kwa saa kadhaa. Yakitolewa huchemshwa tena kidogo kabla ya kuliwa, na mtungi wa gesi wa kilo sita hudumu zaidi. Mpishi naye hupata saa hizo za kufanya shughuli nyingine, jambo linalompendeza yeyote aliyekuwa akihofia kuongezewa kazi.

Kuna ubanaji mmoja usiofaa kujaribiwa kamwe. Wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani usiku ili kuokoa stima au kuota moto huku madirisha yamefungwa. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na imeua familia nzima zikiwa usingizini. Mwenza anayelikataa jambo hilo asibembelezwe; yuko sahihi.

Maji nayo hushawishi kwa hesabu nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la mabati lenye urefu wa mita nane na upana wa mita sita lina mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo msimu wa masika huleta kwa alasiri moja, hutoa lita 960. Hata sehemu ya tano ikipotea, hubakia lita 768, yaani mitungi 38 ya lita 20. Katika mitaa ambako mfereji hukauka kwa wiki nzima na maji hununuliwa kwa mkokoteni, mtu akiona pipa la kwanza likifurika haulizi tena tangi ni la nini. Maji ya mwanzo wa mvua yamwagwe kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege, na ya kunywa yachemshwe.

Hata hivyo, anayeshawishi asiahidi asichoweza kutimiza. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban thumuni ya ekari. Hata shamba lingekuwa la kutoa magunia 20 ya mahindi kwa ekari, ploti hiyo yote, bila nyumba juu yake, ingetoa magunia mawili na nusu pekee. Kuiambia familia ya mjini kwamba itajitosheleza kwa unga ni kuidanganya. Mboga, viungo, mayai na sehemu ya maji vinawezekana. Unga, mafuta na sukari vitaendelea kutoka dukani. Ahadi ndogo iliyotimia huzaa imani ya kujaribu ya pili.

Wapangaji wana mwenye nyumba wa kumshawishi vilevile. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mijini mwaka wa 2015, lakini sheria hiyo haimpi mpangaji ruhusa ya kufuga kuku kwenye roshani ya mtu mwingine. Ni busara kuomba mapema, na kuwajulisha majirani kabla jogoo hajawajulisha. Kuku nao wachanjwe dhidi ya kideri, la sivyo wote wanaweza kufa kwa wiki moja, na anayesitasita atapata mfano wa kutaja kwa miaka kumi ijayo.

Miezi mitatu ni kipimo kizuri cha majaribio. Ikiisha, daftari lifunguliwe tena, na kilichochosha pasipo faida kiachwe bila kinyongo. Pengine kuku watauzwa na magunia yabaki. Pengine mkate utarudi kununuliwa dukani na kapu la maharagwe liendelee.

Mjadala huwa mzito zaidi pale mmoja anapotaka kupiga hatua kubwa: kuuza nyumba ya mjini na kuhamia shambani, au kumpeleka mke na watoto mashambani huku yeye akibaki mjini. Mpango huu wa pili huitwa kubana matumizi, lakini mara nyingi anayebanwa ni mmoja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, inawapa wanandoa haki sawa wakati wote wa ndoa. Nayo Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka wa 2013 inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango katika mali ya ndoa, hata kama hazikuleta shilingi. Sheria hiyo hiyo hairuhusu mali ya ndoa ya mke mmoja na mume mmoja kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mwenza. Mume atakayemletea mnunuzi hatimiliki kabla ya kuzungumza na mkewe atarudishwa nyumbani na wakili kwenda kutafuta sahihi yake.