Popo wa Kitaka: kuwaua hakukuondoa Marburg

Mwaka 2007 wachimbaji wanne wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua homa ya Marburg, na mmoja akafariki. Watafiti wakavikuta virusi hivyo kwa popo wala matunda waliojazana mgodini. Mwaka uliofuata wachimbaji wakaamua kuwamaliza. Waliziba njia kwa mafunjo, wakatandaza nyavu za kuvulia samaki milangoni, na kwa wiki kadhaa popo wakanasa humo. Kisha viingilio vikafungwa kwa vijiti na plastiki. Mizoga ilikutwa msituni, imerundikwa. Hofu ya wachimbaji ilikuwa ya haki kabisa, maana ugonjwa huu unaua upesi. Lakini njia waliyoichagua haikuwakinga.

Popo walirudi. Novemba 2012 walikuwa sehemu ndogo tu ya idadi ya zamani, lakini asilimia 13.3 ya waliopimwa walikuwa na virusi. Kabla ya mauaji ilikuwa asilimia 5.1. Mwezi mmoja kabla ya vipimo hivyo, Marburg ilikuwa imezuka tena mjini Ibanda, kama kilomita 20 kutoka mgodini, na wagonjwa 15 wakathibitishwa. Hilo halitoshi kusema mauaji ndiyo yaliyoleta mlipuko. Hata hivyo, maelezo ya wataalamu yana uzito: kundi lililotulia lina popo wengi waliokwisha kupata kinga. Wakiondolewa, nafasi yao huchukuliwa na wageni na vijana wasio na kinga, na virusi hupata pa kuenea.

Atakayepinga ataitaja Durba, Kongo, ambako kati ya 1998 na 2000 waliugua watu 154 na kufa 128, na ugonjwa ukakoma mgodi wa Goroumbwa ulipofurika maji. Kwa nini basi mashimo yasifukiwe? Kwa sababu maji yale yaliwazuia watu kuingia, na kinga iko hapo hapo: kumzuia mtu, si kumuua popo. Marekani, migodi mingi iliyoachwa imewekewa nondo za mlalo: popo hupita, mtu hapiti. Nafasi kati ya nondo ipimwe kulingana na ukubwa wa popo wa huku. Hawa ndio wanaochavusha mibuyu na kusambaza mbegu za miti ya porini, na jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja kwa mzao, kwa hiyo kundi lililoteketezwa huchukua miaka mingi kurudi. Gharama ya nondo iwe ya mwenye leseni, na azifunge kabla hajaondoka mgodini.