Sakafu ya Tangi la Maji ya Bahari Lisilo na Mchanga

Mji wa Maua umo kwenye miteremko ya vilima vya Nyambene, zaidi ya kilomita 400 kutoka Bahari ya Hindi, hivi kwamba mkazi wake anayetaka kufuga samaki wa bahari hulazimika kujitengenezea maji kwa kuyeyusha takriban gramu 35 za chumvi maalumu katika kila lita. Akiamua kutotia mchanga, hajakosea. Mchanga wa mito ya Tharaka, ambao ndio ulio karibu, una chembe nyingi za kwatsi, yaani madini yaliyo magumu kuliko kioo, nazo zikinaswa chini ya jiwe au ya sponji ya kusafishia hukikwaruza kioo, na penye mkwaruzo ndipo ufa huanzia.

Wengi huhofia uzito wa maji. Maji yenye kina cha sentimita 50 huikandamiza kila mita mraba ya sakafu kwa uzito unaozidi kidogo kilo 500, lakini kani hiyo husambaa sawasawa, na kioo kilichokaa juu ya meza iliyonyooka huistahimili. Kinachokivunja ni ncha ya jiwe, kwa kuwa jiwe lililosimama juu ya ncha tatu huushusha uzito wake wote katika sehemu zisizozidi punje za mahindi, na likiporomoka hupiga kama nyundo. Hata mchanga haulizuii lisiporomoke, maana kikande, samaki mwenye meno makali, huupuliza na kuuchimbua akitafuta chakula mpaka mawe yaliyowekwa juu yake yakose pa kusimama.

Kinga iliyo rahisi ni ubao wa plastiki wa kukatia mboga, uliotengenezwa kwa polithini ngumu. Polithini huelea, tena silikoni, ile gundi ya mafundi wa vioo, haiishiki vizuri. Kwa hiyo ubao hulazwa tangini ungali mkavu na mawe hupangwa juu yake kabla ya maji kumiminwa. Akriliki, plastiki inayong'aa kama kioo, huzama yenyewe. Wapo wanaotandika sakafu nzima, ila ni afadhali ubao uishie chini ya mawe tu, kwa sababu kinyesi na mabaki ya chakula yanayopenya chini yake huoza pasipofikiwa na mpira wa kunyonyea uchafu.

Mawe meusi ya Nyambene yana kingo kali mno. Yanayofaa ni matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu huko pwani, jamii ya yale yaliyojengea nyumba za Lamu, wala si yale yaliyo hai baharini, ambayo katika hifadhi za Malindi na Watamu yamelindwa tangu 1968.

Baadhi ya samaki hulala kwa kujifukia mchangani. Mnunuzi na aulize kabla ya kulipa, kwani samaki wa namna hiyo hafai kabisa kwa tangi hili.