Picha Isiitangulie Hati

Hivi karibuni tulitembezwa ndani ya fleti nzuri. Tuliingia sebuleni, tukafungua mlango wa roshani na kuitazama bahari ikimeta. Tukageuka kushoto tukaona jiko lenye makabati meupe, tukageuka kulia tukaona chumba cha kulala ambacho kitanda chake kilikuwa kimekwisha kutandikwa. Matembezi hayo yote tuliyafanya bila ya kunyanyuka kwenye baraza tulipokuwa tumekaa tukinywa kahawa, kwani nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya simu ya kijana mmoja dalali. Siku ya pili tulikwenda kwa miguu yetu mahali ilipo. Tulikuta nguzo, nondo, na mchanga uliomwagwa juu ya mawe. Jiko halikuwapo, roshani haikuwapo, na katika yote tuliyoonyeshwa ni bahari peke yake iliyokuwapo.

Tuseme kwa uadilifu kwamba kijana yule hakutudanganya. Chini ya picha yalikuwamo maandishi madogo ya Kiingereza yaliyoeleza kuwa jengo bado linajengwa. Lakini mwenye haraka asingeyaona, na asiyeijua lugha ile asingeyafahamu. Hapo ndipo linapoanzia jambo tunalotaka kulizungumza leo mbele ya wananchi wa visiwa hivi, na mbele ya watumishi wa Serikali waliopewa dhamana ya ardhi na makaazi.

Si jambo dogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Ongezeko hilo la zaidi ya watu laki tano na themanini elfu katika miaka kumi linahitaji mahali pa kulala. Katika mpango ulioanzishwa enzi za marehemu Mzee Abeid Amani Karume, majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani yalipanda mbele ya macho ya watu, na aliyetaka kujua ukuta umefikia wapi alikwenda kutazama. Leo hali ni nyengine. Miji mipya inachomoza Fumba na kwengineko, nayo hutafutiwa wanunuzi wakati msingi bado unachimbwa. Miongoni mwa wanunuzi hao wamo ndugu zetu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto, ambao wamejinyima miaka mingi ili wapate pa kurejea uzeeni. Hao hawawezi kuja kila wiki kutazama tofali. Macho yao ni simu.

Ufundi wenyewe si wa ajabu ukishaelezwa. Kamera huwekwa juu ya miguu mitatu katikati ya chumba, ikapiga picha pande zote, juu na chini. Kisha huhamishwa hatua chache na kupiga tena, mpaka nyumba nzima imalizike. Kompyuta huziunganisha picha hizo zikawa kitu kimoja, na mtazamaji akagusa kioo cha simu yake kwenda mbele, kurudi nyuma au kupanda ghorofani. Kamera nyengine hupima kwa mwanga umbali wa ukuta hadi ukuta. Huo ndio utembezi wa nyumba iliyopo. Upo na wa pili, ambao hauhitaji kamera hata kidogo: mchoraji huchukua ramani ya msanifu na kuijenga nyumba yote ndani ya kompyuta, pamoja na makochi, mapazia na jua la magharibi. Kwa jicho la mnunuzi, wa kwanza na wa pili hufanana kama shilingi na shilingi. Kwa mfuko wake, ni vitu viwili mbali mbali kabisa.

Mfano mmoja wa mwanzo wa utembezi wa kompyuta ulionyeshwa Uingereza mwaka 1994, katika ngome ya Dudley. Wageni waliweza kuitembelea katika kompyuta jinsi ilivyokuwa mwaka 1550, hali ngome yenyewe imekwisha kuwa magofu. Basi ufundi huu ulitumika kuonyesha jengo ambalo halipo tena, na leo unatumika kuuza jengo ambalo halijakuwapo bado. Tofauti ni kwamba wageni wa Dudley walijua wanachokitazama, na hakuna aliyeombwa malipo ya awali.

Wapo watakaosema kuwa nchi zilizoendelea zimekwisha kuuzoea mtindo huu, nasi tusiwe watu wa kuogopa kila kipya. Ni kweli wameuzoea. Katika uchunguzi wa kampuni ya Redfin ya Marekani kuhusu walionunua nyumba mwaka 2020, mwaka wa maradhi ya korona, watu 63 katika kila 100 walisema kuwa waliwahi kutoa ombi la kununua nyumba ambayo hawajaiona kwa macho yao. Lakini tuangalie walichokuwa nacho Wamarekani hao nyuma ya picha. Kwa desturi ya huko, mkaguzi huingia katika nyumba akapanda hadi kwenye dari na kutazama mabomba. Hati huchunguzwa na kukatiwa bima. Na fedha hushikwa na mtu wa tatu mpaka kila kitu kithibitike. Picha kwao ni mlango wa kuingilia tu. Ulinzi wa mnunuzi umo katika mambo yale matatu, wala haumo katika kamera. Tukiichukua kamera na kuyaacha hayo, tutakuwa tumenunua tanga bila ya jahazi.

Tunao mfano wa karibu zaidi, katika mji unaojulikana vyema na watu wa visiwa hivi. Dubai iliuza kwa wingi majumba yaliyokuwa bado kwenye karatasi. Mwaka 2007 ikatunga sheria kuwa fedha zinazolipwa na wanunuzi wa majengo ya namna hiyo ziwekwe katika akaunti maalumu ya amana, zitumike kwa ujenzi wa jengo lile lile lililolipiwa. Mtikisiko wa uchumi wa dunia wa mwaka 2008 ulipofika, miradi mingi ilisimama, na thamani ya sheria ya namna ile ikaonekana. Hatuna haja ya kungoja mtikisiko wetu wenyewe ndipo tujifunze.

Isitoshe, hapa petu yapo mambo ambayo hakuna kamera duniani inayoweza kuyaonyesha. Tuchukue nyumba ya Mji Mkongwe, mji uliowekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuta zake ni za mawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti. Kamera huona chokaa iliyopakwa jana; haioni boriti iliyoliwa na maji ya mvua ya miaka thelathini. Beit el Ajaib, jengo lililosimama tangu mwaka 1883 na lililopigwa picha mara nyingi, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wakapoteza maisha yao. Uzuri wa sura yake haukuwaambia wapita njia kilichokuwamo ndani ya kuta.

Kadhalika, picha haina ulimi wa kusema nyumba ni ya nani. Nyumba yaweza kuwa ya wakfu, yaweza kuwa ya Serikali, au ya warithi tisa ambao watatu kati yao hawajaulizwa. Hata pale mwenyewe anapojulikana, bado lipo suala la nini hasa kinachouzwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote iliwekwa mikononi mwa Serikali, na Sheria ya mwaka 1992 ikaendeleza msingi huo: mwananchi hupewa haki ya kuitumia ardhi, na mgeni aliyekuja kuwekeza huikodi kwa muda. Sheria ya mwaka 2010 nayo ikafungua njia ya mtu kumiliki fleti yake ndani ya jengo lenye wakaazi wengi. Basi anayeambiwa “nunua” anapaswa kujua ananunua kuta, ananunua haki ya matumizi, au anachukua muda uliobakia katika mkataba wa mtu mwengine. Utembezi wa simu haugusi swali hilo, nalo ndilo swali la kwanza.

Masheikh wetu, katika darsa za biashara, hutuonya juu ya gharari, yaani kuuziana kitu ambacho hali yake haijulikani. Mtu wa mtaani husema kwa ufupi: usiuziwe mbuzi ndani ya gunia. Gunia la siku hizi limepakwa rangi nzuri, linang'ara, lakini bado ni gunia.

Pamoja na hayo hatusemi ufundi huu upigwe marufuku. Kusema hivyo kungekuwa kumwadhibu mwananchi mara mbili. Mwalimu wa Wete anayetafuta nyumba mjini Unguja huokoa nauli ya boti akionyeshwa kwanza nyumba kumi na kuzikataa saba akiwa kwake. Mama asiyeweza kupanda ngazi huweza kujua mapema kuwa nyumba ina ngazi. Dalali mkweli hupata njia ya kuutangaza ukweli wake. Chombo si kibaya. Kibaya ni chombo kuachwa bila ya nahodha.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo. Palipo na kanuni, zisimamiwe. Pasipokuwa nazo, zitungwe.

Kwanza, kila utembezi wa nyumba inayouzwa uanze kwa maandishi makubwa ya Kiswahili yanayosema kama nyumba imejengwa au haijajengwa, na siku iliyopigwa picha. Vyombo na makochi yaliyochorwa na kompyuta yatajwe kuwa yamechorwa.

Pili, namba ya hati au ya kiwanja itajwe katika tangazo lenyewe, na ofisi za ardhi zimjibu upesi kila mwenye kuuliza, akiwa Chake Chake au Muscat. Hatuoni maana ya picha kufika Toronto kwa dakika moja, hali jawabu la hati linangojwa miezi.

Tatu, fedha zinazolipwa kabla ya jengo kusimama zihifadhiwe benki katika akaunti ya amana, zitolewe kidogo kidogo kwa kadiri jengo linavyopanda, baada ya mhandisi asiyekuwa wa muuzaji kuthibitisha.

Nne, utembezi aliouona mnunuzi uhesabiwe kuwa ni kauli ya muuzaji. Nakala yake itunzwe pamoja na mkataba, ili kama roshani iliyoonyeshwa haikujengwa, mnunuzi awe na cha kuweka mbele ya hakimu. Sharti hili peke yake litawafanya wachoraji wengi wapunguze rangi.

Tano, heshima ya nyumba ilindwe. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini nyumba zetu zinazo, na baraza iliwekwa nje kwa sababu. Picha za nyumba wanamoishi watu zisipigwe bila ya ridhaa ya wanaoishi humo, hata wakiwa wapangaji, na zikiuzwa zifutwe. Kuuachia ulimwengu wote ramani ya milango na madirisha ya familia ni kumrahisishia mwizi kazi.

Kwa wananchi wenzetu, na hasa walio mbali, nasaha yetu ni nyepesi. Kabla ya kupeleka fedha, mpeleke mtu. Ndugu, rafiki au wakili, yeyote mwenye miguu na amana, aende mahali penyewe. Amwone sheha, kwani sheha anawajua majirani, anaujua mgogoro wa mpaka uliolala, na anaijua njia ya maji. Picha iliyopigwa Januari haionyeshi mvua za masika zinapoingilia mlangoni. Na aliyepo huko aombe kuiona hati kwanza, kisha ndipo atazame jiko.

Watumishi wa Serikali nao wakumbuke kwamba fedha zinazopita katika simu hizi, kwa sehemu kubwa, ni jasho la usiku la muuguzi, la dereva, la mpishi wa hotelini. Mtu wa namna hiyo akipoteza akiba yake hana miaka mengine ishirini ya kuanza upya. Atakaa ugenini mpaka mwisho wake, na katika simu yake itakuwamo nyumba nzuri yenye roshani inayotazama bahari, ambayo hakuna atakayeifungua mlango.