Usiku Ambao Shule Ilinyamaza

Meza yangu iko hatua nne kutoka getini, chini ya dirisha lenye tundu la kupokelea risiti za benki. Wazazi huniita "mwalimu" ingawa sijawahi kushika chaki. Mimi ni sekretari wa shule ya msingi ya kibinafsi hapa Gitothua, Ruiru, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne kwenye kiti hiki. Barua yangu ya ajira inasema nipige chapa, nipokee wageni na nitunze mafaili. Kazi yenyewe hasa ni kumjibu mtu anayeuliza, "Mtoto wangu yuko wapi?"

Wenye taaluma yao huiita uhusiano mwema. Panda matatu kutoka hapa hadi Thika uhesabu mabango ya vyuo vikuu barabarani. Huko kuna maafisa waliosomea kazi hiyo, wenye kamera na ofisi za vioo. Kwetu ni mimi, mlinzi wa getini na madereva wawili.

Mkurugenzi wetu anaamini mabango. Mwezi wa Novemba kila nguzo ya stima Gitothua hufungwa turubai kwa waya, shule moja juu ya nyingine, hadi fundi wa stima akija huanza kwa kukata matangazo. Zamani msimu ulikuwa Januari, baada ya matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza mwaka 1985 ukafanywa mara ya mwisho 2023. Picha ya mtoto mmoja aliyepata alama mia nne na kitu juu ya mia tano ilitundikwa mwaka mzima, hadi mwenyewe akafika kidato cha pili. Serikali ilifuta upangaji wa shule kwa matokeo mwaka 2014, lakini hakuna aliyezikataza shule kujipanga zenyewe kwenye turubai. Siku hizi alama hizo hazipo, basi tunatangaza kompyuta, Kifaransa na kuogelea. Bwawa letu ni lile la plastiki.

Ukuta nao umepakwa rangi: ramani ya Afrika, bendera, na Mickey Mouse ambaye sikio lake moja ni kubwa kuliko kichwa. Fundi alilipwa mshahara wangu wa miezi miwili. Sina kinyongo naye. Ukuta unavuta wageni, nami ndiye ninayewapokea, kwa hiyo najua. Ila sijawahi kumwona mzazi aliyeamua kubaki kwa ajili ya ukuta.

Mjue kwanza mzazi wa Gitothua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru, na wengi wetu tumekuja juzi, mashamba ya kahawa yalipokatwa ploti na barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012. Mzazi anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la Nairobi, anarudi saa mbili usiku. Karo analipa kwa paybill. Mwalimu wa mtoto wake hamjui kwa sura. Kwake yeye shule ni karatasi, ujumbe wa simu, na sauti ya mtu akipiga.

Hapa Kiambu mambo hayakuwa hivyo siku zote. Chuo cha walimu cha Githunguri kilipoanzishwa mwaka 1939 chini ya Mbiyu Koinange, pesa zilitoka mifukoni mwa wananchi wenyewe, marika yakishindana nani atachanga zaidi. Aliyechanga alihudhuria mikutano, akasikia kwa masikio yake fedha zimefanya nini na zimebaki ngapi. Wakoloni walikifunga mwaka 1952, lakini sidhani kuna aliyelazimika kuwaeleza watu wa Githunguri kwamba chuo kile ni chao.

Sisi tulikuwa na barua ya mwisho wa muhula. Iliandikwa Kiingereza, ikaanza na salamu za bodi, ikashukuru Mungu, ikasifu timu ya mpira, na karo ya muhula ujao ikajificha aya ya nne. Nilikuwa nazikuta barua hizo chini ya mabegi Januari, zimelowa parachichi. Muhula mmoja mwalimu mkuu alikuwa na matanga, nikaachiwa niandike mwenyewe. Niliandika kwa Kiswahili. Juu kabisa, kwa herufi nene, niliweka mambo matatu: siku ya kufunga, siku ya kufungua, na kiasi cha kulipa. Salamu zikaenda chini. Mwaka huo simu za "mwalimu, kwani tunafungua lini?" zilipungua hata nikapata nafasi ya kunywa chai ikiwa moto. Bibi mmoja anayelea wajukuu watatu alikuja dirishani akaniambia, "Hii nimesoma mwenyewe." Mpaka siku hiyo, kumbe, barua zetu alikuwa akisomewa na mwenye duka.

Halafu kuna meseji za jumla, zile zinazotumwa kwa kompyuta kwa wazazi wote kwa mpigo. Hizi zina hesabu yake. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, ukihesabu na nafasi. Ukizidisha hata moja unalipia ujumbe wa pili. Ukitia kikatuni kimoja cha uso unaocheka, kipimo kinashuka hadi 70, kwa hiyo salamu ya Krismasi yenye mti na kengele inaweza kuigharimu shule mara tatu. Bei ya ujumbe mmoja ni ndogo, lakini zidisha kwa wazazi mia nne. Jina la mtumaji nalo lina mwisho wake: herufi 11. Jina la shule yetu lina 26. Wakubwa wa shule walikaa kikao kizima kulikata, na likatoka kama jina la dawa ya kuua kupe.

WhatsApp ni mnyama mwingine. Kila darasa lina kundi lake, na kila kundi lina mzazi mmoja anayetuma maombi ya asubuhi, mmoja anayeuza mayai ya kienyeji, na mmoja asiyesema neno hadi siku ya kulalamika. Tangu 2018 kiongozi wa kundi anaweza kulifunga ili aandike yeye peke yake. Mkurugenzi alitaka yafungwe yote. Nilimwambia tukifunga hili wazazi watafungua lingine ambalo sisi hatumo, na ndivyo ilivyokuwa. Lile la pili ndilo linalosomwa.

Nililijua hilo usiku mmoja wa Novemba 2019, mvua za vuli zilipokuwa zikinyesha kama zilizolipwa. Darasa la tano na la sita walikuwa wameenda Syokimau kutazama treni ya SGR. Wakati wa kurudi basi likakwama kwenye barabara ya Bypass, maji yamefika kwenye magurudumu. Dereva alinipigia saa kumi na moja na robo jioni. Watoto wazima, walimu wawili wako nao, hakuna tatizo ila kungoja. Nikamwambia mwalimu mkuu tuwaarifu wazazi. Mkurugenzi akasema kwa simu tungoje, tusiwatie hofu, pengine basi litatoka sasa hivi.

Tulingoja saa moja na nusu. Saa kumi na mbili mtu akaandika kwenye kundi lile la pili kwamba amesikia kuna basi la shule limepata ajali Bypass. Hakusema shule gani. Dakika tano baadaye lilikuwa basi letu. Dakika kumi baadaye lilikuwa limebiringika. Simu ya ofisi ikaanza kulia na haikupumzika, na mimi nilikuwa nimeambiwa nijibu, "Tunafuatilia." Jaribu kumwambia mama "tunafuatilia" wakati mtoto wake hajulikani aliko. Saa moja kasoro getini palikuwa na wazazi zaidi ya thelathini, wengine wameshuka kwenye boda wamelowa chepechepe, na baba mmoja ameshikilia koti la mlinzi. Basi lilifika saa mbili kasoro dakika kumi. Watoto walishuka wakiimba. Hakuna aliyekuwa na hata mchubuko, na bado wazazi walitutazama kama watu walioiba. Januari familia tatu hazikurudi.

Usiku ule, kabla sijalala, niliandika nyuma ya daftari ujumbe ambao ungetosha: "Basi la darasa la 5 na 6 limekwama Bypass kwa maji. Watoto wote 31 wazima, wako na walimu 2. Tutafika getini saa 1.30 usiku. Swali? Piga simu ya ofisi." Ni herufi 151. Pesa ya kuutuma kwa wazazi 31 haitoshi kununua soda.

Hauna hata neno "samahani". Sikuliacha kwa kiburi. Mzazi mwenye hofu hataki adabu, anataka idadi: watoto wangapi, walimu wangapi, saa ngapi. Na ule muda tungeukosa hata hivyo, kwa sababu walifika dakika ishirini baadaye. Lakini mtu aliyeambiwa saa moja na nusu hutuma ujumbe kuuliza, hashiki koti la mlinzi. Niliubandika ujumbe wangu ukutani mbele ya meza yangu, na mwalimu mkuu aliyekuja baadaye akakubali kanuni moja: habari mbaya haingoji ruhusa ya mkurugenzi.

Kanuni hiyo ilijaribiwa mwaka 2024. Shule zote nchini zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29 Aprili, na usiku wa kuamkia siku hiyo wizara ikatangaza kuahirisha kwa wiki moja kwa sababu ya mafuriko. Watoto wa bweni sehemu nyingine walikuwa wameshasafiri. Nilisoma tangazo saa kumi alfajiri, nikathibitisha kwanza kwamba si uvumi, nikatuma saa kumi na nusu, kabla wazazi wa gari la Nairobi hawajafunga milango. Tarehe 3 Mei Rais akaahirisha tena, safari hii bila kutaja siku, nikatuma tena: "Hatujui tarehe. Tukijua, mtapata ujumbe siku hiyohiyo." Tulifungua tarehe 13. Hakuna aliyekuja getini kuuliza.

Kuhusu picha za watoto kwenye yale mabango nitasema kwa ufupi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini hiyo. Habari ilipofika kwetu mkurugenzi aliteremsha mabango manne kwa mikono yake mwenyewe. Sasa kuna fomu kwenye meza yangu, na mzazi akiandika "hapana" mtoto wake hapigwi picha ya kutangazwa, hata akiwa wa kwanza.

Sasa nina ombi kwako, mzazi, uwe wa Gitothua, Kimbo au kwingineko. Alfajiri ile ya Aprili meseji kumi na saba hazikufika. Sikupata hitilafu ya mtandao wala ya kompyuta. Wenye nambari walikuwa wamebadilisha laini bila kutuambia, na watoto wawili walisimama stejini kwenye mvua, wamevaa sare, wakingoja basi ambalo halikuwa linakuja. Ukibadilisha laini, pita dirishani uniachie nambari mpya. Ofisi hufunguliwa saa moja asubuhi.