Umerithi gramafoni ya babu? Weka spiriti mbali

Uko Ngara au Biharamulo na babu kakuachia gramafoni? Usikimbilie kuiuza chuma chakavu.

Umri wake: kama inazungushwa kwa mkono bila umeme, ni ya zama za santuri za spidi 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Santuri za LP, spidi 33, zilikuja 1948. Usizipige humo, zitachimbika.

Kuitunza: badilisha sindano ya chuma kila upande mmoja ukiisha. Vumbi futa kwa kitambaa laini, kikavu. Santuri nyingi za 78 ni za shelaki, utomvu wa wadudu, na spiriti huiyeyusha. Ukishazifuta nayo, sauti imekwenda.