Jibini ya Kijerumani: Kabla hujakatiwa, tazama kisu

Mama mmoja wa hapa Mkuyuni, aliyewahi kufanya kazi za nyumbani Muscat, aliniuliza wapi atapata jibini laini, isiyo kali, yenye ladha kama siagi, aliyokuwa akiwawekea watoto wa tajiri wake kwenye mkate. Alikumbuka tu kuwa ilitoka Ujerumani.

Kwa maelezo yake, hiyo ni Butterkäse, maana yake "jibini ya siagi". Jina lisikupoteze, haitiwi siagi. Ni maziwa ya ng'ombe yaliyogandishwa na kuachwa yaive kwa muda wa kama mwezi mmoja, na ulaini wake ni wa mafuta ya maziwa yenyewe. Huku kwetu milimani huipati. Jaribu maduka makubwa ya Morogoro mjini au Dar es Salaam, na ukiikosa, ulizia Gouda changa, au caciotta ya Kiitaliano, aina ambayo hata Njombe imetengenezwa. Ladha zake hazipishani sana.

Ama kuhusu uhalali, jibini yenyewe haina tatizo. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini akiwa Tabuk, akaitisha kisu, akataja jina la Allah, akaikata. Tatizo ni kinachogandisha maziwa. Tangu zamani hutumika kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama anyonyaye, ambacho madrasa tulikisoma kwa jina la infaha. Ndama asipochinjwa kisharia, kwa madhehebu yetu ya Shafi infaha yake ni najisi, ingawa Imam Abu Hanifa ameiruhusu. Cha nguruwe hakina mjadala. Siku hizi viwanda vingi hutumia kimeng'enya kinachozalishwa na vijidudu au kuvu. Marekani iliruhusu cha namna hiyo mwaka 1990. Basi soma karatasi. Likiandikwa "microbial", ni hicho. Likiwa "rennet" peke yake, hujaambiwa imetoka wapi, na hapo tafuta alama ya halali.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Niliwahi kusimama katika duka moja la mjini nikamwona kijana anakata nyama ya nguruwe kwa mashine, akaifuta kwa kitambaa, kisha akakata jibini ya mteja aliyefuata. Karatasi ya jibini ile ingeweza kuwa safi kabisa! Kwa Mashafi, najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kitambaa hakiondoi kitu.

Na kitabibu pia hakiondoi. Mashine hizo zinajulikana kwa kueneza bakteria aitwaye Listeria, ambaye ubaridi wa friji haumzuii kuzaliana. Mjamzito anaweza kupata homa ndogo tu, akadhani ni uchovu, kumbe mimba inaharibika. Kwa hiyo omba kipande kizima kilichofungwa kiwandani, ukakate mwenyewe nyumbani kwa kisu chako. Duka likikuambia wanauza ya kukata tu, ondoka.

Hakikisha pia imeandikwa kuwa maziwa yalipashwa moto kwa kipimo, yaani nyuzi 63 kwa nusu saa au 72 kwa sekunde 15. Jibini changa ya maziwa mabichi inaweza kubeba bruselosisi, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba. Kwa binadamu huleta homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo, na mgonjwa hutibiwa malaria mara tatu nne bila nafuu. Ukiwa na dalili hizo na umekunywa au kula maziwa mabichi, mwambie tabibu wako hata kama hajakuuliza.

Wenye shinikizo la damu wale kidogo, maana chumvi imo hata usipoisikia ulimini.

Yule mama hana friji. Nilimshauri anunue kipande kidogo cha kuliwa siku hiyo hiyo, akinunue mwisho baada ya mahitaji mengine yote, akifunge pamoja na chupa ya maji yaliyoganda, na asikiweke juu ya injini ya daladala.