Hesabu ya Siku katika Ziara ya Lions

Aliyeitazama kwa televisheni mechi ya tarehe 24 Julai 2021 mjini Cape Town, ambapo Lions, wachezaji wateule wa raga wa Uingereza na Ayalandi, ambao huizuru Afrika Kusini mara moja tu katika kila miaka 12, waliwashinda Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, kwa 22 kwa 17, hakukosa kuingiwa na simanzi kwa kuviona viti maelfu kwa maelfu vi vitupu. Amri ya kuvifunga, wakati ule wa janga la UVIKO-19, ilikuwa ya serikali, lakini sababu yake ilikuwa hesabu ya siku.

Chanjo ya UVIKO-19 haimkingi mtu saa ile ile achomwapo sindano. Kwa chanjo ya Pfizer, Afrika Kusini iliweka siku 42 baina ya dozi ya kwanza na ya pili, na baada ya hapo huhesabiwa wiki mbili hata kinga itimie. Hivyo mzee wa miaka 60 aliyetangulia wenzake wote tarehe 17 Mei, siku wazee walipofunguliwa mlango, alitimia tarehe 12 Julai, ilhali mtu wa miaka 35, ambaye zamu yake ilifika tarehe 15 Julai, asingetimia ila Septemba, wageni wakiwa wamekwisha rejea makwao.

Taahira hiyo ilikuwa na asili yake. Shehena ya dozi milioni moja za AstraZeneca iliwasili kutoka India tarehe 1 Februari, na kabla wiki haijaisha ikasimamishwa, kwa kuwa uchunguzi mdogo ulionyesha kwamba haizuii vema maradhi mepesi ya kirusi cha Beta. Siwalaumu waliokata shauri lile, ingawa uchunguzi wenyewe, uliofanywa aghalabu kwa vijana, haukuweza kueleza kama chanjo ile ingewaepusha wazee na mauti, na hilo ndilo lililokuwa muhimu kupita yote. Johnson & Johnson ikashika nafasi yake tarehe 17 Februari, ikianzia kwa watumishi wa afya katika hospitali ya Khayelitsha; na mwezi Juni dozi zake zipatazo milioni 2 zikatupwa, kwa sababu ya uchafuzi uliotokea katika kiwanda kimoja huko Baltimore.

Basi ziara ilitegemea vipimo na kutengwa hotelini, na kipimo hakizuii maradhi bali huyafichua, tena kwa kuchelewa, kwani aliyeambukizwa jana huonekana mzima leo. Nahodha wa Springboks, Siya Kolisi, aliambukizwa, mechi ya pili dhidi ya Georgia ikafutwa, na kirusi cha Delta kilipoliwakia jimbo la Gauteng, mechi zote tatu kuu zikachezwa Cape Town.

Tarehe 7 Agosti, katika mechi ya tatu, Morné Steyn wa Springboks, ambaye mwaka 2009 alikuwa amewaangusha Lions kwa penalti ya dakika ya mwisho, alipiga penalti nyingine iliyoipa nchi yake ushindi wa 19 kwa 16. Kijana wa miaka 25 aliyeshangilia nyumbani Khayelitsha, kilomita kama 30 kutoka uwanjani, alikuwa bado na siku 13 za kungoja kabla ya kuruhusiwa kuchanjwa.